Tarishi Aliyepukutika Njiani

Mwaka ule mfalme wa Uingereza alikuwa amekwisha kufa, lakini sura yake ilikuwa bado inasafiri kwenye stempu, ndani ya mfuko wa turubai uliofungwa kwenye kerieri ya baiskeli ya Matayo. Matayo alikuwa tarishi wa posta. Kila Jumanne alfajiri aliondoka Korogwe, akavuka daraja la Mto Pangani, akaishika barabara nyekundu ya Handeni na kufika huko jioni. Jumatano aliendelea mpaka Kang'ata na barua chache za mwalimu, za jumbe na za wenye maduka. Ijumaa alikuwa amerudi kwake Manundu.

Barabara ile ilikuwa na matuta madogo madogo yaliyopangana kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Malori ndiyo yaliyoyafanya. Baiskeli ikipita juu yake ilitetemeka nzima, na mtetemeko ukapanda miguuni, ukaingia tumboni, ukafika kichwani. Watu wengine uliwaumiza. Matayo ulimbembeleza. Hakufumba macho wala hakupepesuka. Alikwenda tu, miguu ikizunguka yenyewe, naye akiwa mahali pengine kabisa. Mara alijikuta anaendesha chini ya maji ya mto, samaki wakimpita masikioni. Mara milima ya Usambara ilikuwa imehamia mbele yake, ya buluu, ikirudi nyuma kadiri alivyoisogelea. Akizinduka anakuta amekwisha pita kijiji kizima, na hakumbuki kama aliwaitikia watu salamu.

Kwa miaka sita alisafiri hivyo na baiskeli haikumdhuru, kwa sababu ya mkewe, Rosa. Rosa alikuwa binti wa Mzee Eliasi, Mngoni aliyekuja kutoka Songea akiwa kijana kukata mkonge, akaishia kuwa fundi wa korona, ile mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge na kutoa katani, kwenye shamba moja la Mazinde. Rosa alikulia katika kelele za mashine na harufu ya grisi. Kila Jumatatu jioni aliigeuza baiskeli ya mumewe uani, magurudumu juu, akapitisha spana kwenye kila nati, kimya kimya, kama mtu anayechambua mchele. Matayo alikaa kitini na kikombe chake cha chai, akimtazama. Hakuwahi kujiuliza mkewe anafanya nini hasa.

Mwezi wa pili Rosa akaitwa Mazinde. Baba yake alikuwa anaumwa kifua.

"Nitakaa kidogo," alisema, akapanda treni.

Kidogo ikawa mwezi, na mwezi ukawa minne. Matayo alipeleka barua za watu wa wilaya mbili, lakini yeye mwenyewe hakuandika hata mstari. Atarudi tu, alisema moyoni. Na baiskeli ikaanza kupukutika.

Kwanza ilianguka nati ya madigadi ya nyuma. Madigadi ikawa inapiga, cha-cha-cha, naye akaizoea sauti ile mpaka ikaingia kwenye ndoto zake, ikawa manyanga ya ngoma iliyochezwa mbali, ng'ambo ya kilima. Kisha ikaenda bolti ya kerieri. Akaifunga kerieri kwa kamba. Kisha kengele, yenyewe na skrubu yake. Alipoipeleka kwa fundi wa sokoni, yule bwana alizikaza nati zilizobaki kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo ikamtoka, akasema imekwisha hiyo. Baada ya juma moja zilikuwa zinacheza tena.

Ilikuwa Jumatano ya mwanzo wa mwezi wa sita. Alikuwa ameiacha Handeni nyuma, na nusu ya njia ya Kang'ata ilikuwa imekwisha. Nyasi za mbugani zilikuwa zimekauka, na joto lilikuwa linainuka ardhini kama mvuke wa sufuria, mpaka miti ya mbali ikaonekana imesimama hewani bila mashina. Katikati ya mvuke ule alimwona Rosa. Alikuwa anatembea barabarani mbele yake, beseni kichwani, na hatua zake hazikutimua vumbi. Matayo hakushangaa. Alisukuma pedali ili amfikie. Barabara ikaanza kuteremka kuelekea korongoni, baiskeli ikaongeza mwendo, na mtetemeko ukawa mmoja tu, mwembamba, kama mlio wa nyuki.

Hapo gurudumu la mbele likatoka.

Aliliona likimtangulia. Lilibingirika peke yake, taratibu, likimwendea Rosa, na kwa nukta ile jambo hilo aliliona kuwa la haki kabisa. Halafu barabara ikamjia usoni.

Alipozinduka alikuwa amelala juu ya ngozi ya ng'ombe ndani ya nyumba ya chini, nyeusi kwa moshi, yenye mwanga mmoja tu ulioingia kutoka mlangoni ukiwa umepinda. Bega la kushoto lilikuwa linawaka. Mwanamke mzee alikuwa ameketi karibu yake, kichwa kimenyolewa, shingo imejaa shanga.

"Usiinuke," alisema. "Mfupa huu hapa juu ya kifua umevunjika. Nimeufunga. Ukiinuka nitaufunga tena, na mara ya pili sitakuonea huruma."

"Shikamoo, yeyo," alisema Matayo, kwa kuwa neno hilo la Kimasai la kumwita mama ndilo pekee lililomjia.

"Marahaba. Mimi naitwa Naisimoi. Wewe sina haja ya kukuuliza. Wewe ni mtu anayepukutika."

"Mimi nani?"

"Ndilo jina lako hapa. Kila juma unapita na unaangusha kitu. Tunakuita, huitiki. Macho yako wazi lakini mwenyewe hayumo. Mwanangu Salaash alikukimbilia siku moja na kengele yako mkononi, akachoka, akarudi."

"Na barua?" aliuliza Matayo. "Mfuko wa barua uko wapi?"

"Salaash ameupeleka Kang'ata kwa jumbe. Juzi."

"Juzi!"

"Umelala hapa siku tatu," alisema Naisimoi, akamnywesha maziwa.

Homa ilimwachia polepole. Mchana alilala akisikia njuga za ng'ombe zikienda na kurudi, sauti za wanawake, na upepo uliopita juu ya paa la samadi kwa mlio wa mtu anayekunja karatasi. Safari hii hakuota chochote. Jambo hilo lilimtia wasiwasi zaidi kuliko bega. Ndipo siku ya tano, mwanga wa mlangoni ulipomwangukia Naisimoi shingoni, aliona kwamba katikati ya shanga nyekundu na nyeupe zimening'inia nati tatu, zimesuguliwa mpaka zinang'aa.

"Yeyo," alisema, "hizo ni zangu."

"Zilikuwa zako." Alizishika kwa vidole. "Hii niliipata wakati wa mvua. Hii alinipa Salaash. Na hii kubwa tuliiokota siku ile ile ulipoanguka, nyuma kabisa, mbali na korongo. Ulikuwa umeiacha muda mrefu."

Matayo aliitambua ile kubwa. Ilikuwa ya ekseli ya mbele. Alijaribu kukumbuka ilianguka wapi, na alichokumbuka ni beseni tu, na mgongo wa mwanamke.

"Nitaihitaji hiyo, yeyo. Bila hiyo siendi nyumbani."

Naisimoi aliigeuza nati ile vidoleni. Kisha alikata uzi kwa meno, akaitoa nati ile moja, akaufunga uzi tena juu ya mbili zilizobaki. Akatoka nje. Matayo akamfuata, akishika ukuta. Gurudumu lilikuwa limekwisha rudishwa mahali pake na Salaash, kijana mrefu asiyependa maneno. Naisimoi alichukua ukanda wa ngozi mbichi uliokuwa umelowekwa majini, mwembamba kama utambi. Nati ilipokazwa aliuzungusha ukanda ule juu yake na juu ya uma wa baiskeli, akauvuta, akaupitisha chini, akauvuta tena, kwa vidole vilivyokuwa vimefunga vibuyu na mishale na viguzo maisha yake yote.

"Jua litamaliza kazi," alisema.

Kesho yake ukanda ulikuwa umekauka na kujivuta mpaka ukawa mgumu kama ukucha. Salaash aliisukuma baiskeli kwa mguu hadi Handeni, Matayo akitembea kando yake mkono umetundikwa shingoni, na kutoka hapo lori la pamba likamchukua Matayo na baiskeli mpaka Korogwe. Bwana wa posta alimpa miezi miwili ya kupona.

Nyumba ya Manundu ilikuwa imejaa vumbi. Matayo alikaa kwenye kiti chake uani asubuhi moja tu. Alitazama mahali ambapo baiskeli ilikuwa inageuzwa kila Jumatatu. Udongo wa pale ulikuwa bado mweusi kwa matone ya mafuta. Akainuka, akaenda stesheni, akapanda treni ya Mazinde na baiskeli yake.

Mkonge wa Mazinde ulikuwa umesimama kwa mistari iliyonyooka mpaka ukutani mwa milima. Ukiwa kwenye mwendo, mistari hiyo hufunguka na kufungika kama kurasa, na Matayo, akitembea kutoka stesheni, alisikia usingizi ule wa zamani unamjia. Akausukuma kando. Rosa alikuwa uani kwa baba yake, anaanika nguo. Alimwona akija, hakuacha kuanika.

"Mkono una nini?" aliuliza.

"Nilianguka."

"Gurudumu la mbele?"

"Umejuaje?"

"Nilijua tangu siku niliyoondoka. Sikujua tu litakuwa juma lipi."

"Mbona hukuniambia, mama Grasiana?"

Rosa aliitundika kanzu ya baba yake, akainyoosha mikono. "Nilikuambia. Jumatatu ile, spana mkononi. Nilikuambia mimi naondoka, kwa hiyo uzikaze mwenyewe, na uanze na ya mbele. Ukasema ndiyo, ndiyo. Nikakuuliza, nimesema nini? Ukacheka."

Matayo alijaribu kuikumbuka Jumatatu ile. Hakukumbuka.

"Treni inapita hapa kila siku," Rosa aliendelea, na sauti yake ikapungua. "Ikipiga honi natoka kuangalia wanaoshuka. Miezi minne, baba Grasiana. Nilichoka kuwa macho ya watu wawili. Nikasema, acha nione kama ataniona nisipokuwepo."

"Nilikuona," alisema Matayo. "Barabarani, kabla sijaanguka. Umebeba beseni."

Rosa alimtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. Midomo yake ilitaka kucheka na ilitaka kulia, na haikufanya hata kimoja.

"Ingia ukamwamkie baba," alisema.

Mzee Eliasi alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba barazani. Miaka thelathini karibu na korona ilikuwa imemla masikio, na sasa kifua kilikuwa kinamla kilichobaki, lakini mikono yake ilikuwa mikubwa na hai. Matayo alipomwamkia kwa sauti ya juu, mzee aliitikia, kisha akaonyesha baiskeli kwa kidole. Ikaletwa karibu na kitanda. Mzee aliipapasa kama mtu anayempapasa mbuzi wa kununua, akafika kwenye ukanda wa ngozi, akasimama hapo.

"Nani kafunga hii?"

"Mama mmoja wa Kimasai, kule mbugani!"

"Huyo anajua kazi. Ngozi ikikauka, ilichokishika hakigeuki. Lakini mvua ikija italainika, na nati itaondoka." Alikohoa, akapumzika. "Lete kiti. Una mkono mmoja mzima. Unatosha."

Hivyo ndivyo Matayo alivyoanza kufundishwa, akiwa mtu mzima mwenye mjukuu kwa bintiye Grasiana. Alikuwa amemwogopa mkwe wake tangu siku ya posa, na katika miaka yote hiyo walikuwa hawajakaa pamoja zaidi ya nusu saa. Sasa walikaa asubuhi nzima, upande mmoja kukiwa na ngurumo ya korona iliyotoka mbali, kubwa na laini, mpaka baraza ikaonekana inaelea.

"Watu wanadhani nati hulegea kwa sababu haikukazwa," mzee alisema. "Siyo. Hulegea kwa sababu inatikiswa. Kila tikiso inarudi nyuma kiasi cha unywele. Unywele mmoja si kitu. Lakini wewe una tikiso ngapi mpaka Handeni? Na yule fundi wako uliyenisimulia, anayekaza kwa hasira, anaziua hesi, hii mistari ya bolti inayopandwa na nati. Zikifa, hata ukikaza haishiki."

Alimfundisha kusafisha hesi kwa mafuta ya taa mpaka kitambaa kitoke cheupe. Alimfundisha kuweka washa, pete ya chuma iliyokatwa na kupindwa, ambayo ikibanwa inasukuma nati kama springi na kuinyima nafasi ya kurudi. Palipokuwa na bolti ndefu, aliweka nati ya pili juu ya ya kwanza, akazikaza zikabiliane. Kwenye skrubu za madigadi, ambazo hazikuhitaji kufunguliwa mara kwa mara, alichambua nyuzi chache za katani, akazipaka rangi ya mafuta, akazizungusha ndani ya hesi kwa upande ule ule nati inakogeukia, kisha akaipandisha nati juu yake.

"Fumba macho," alisema mzee, akaushika mkono wa Matayo juu ya spana. "Sasa zungusha. Inakuja, inakuja. Hapo inakataa. Umesikia? Ongeza robo tu. Basi. Usiishinde."

Matayo, aliyekuwa amefumba macho maisha yake yote bila kuyafumba, aliisikia. Ilikuwa kitu kidogo sana, namna chuma kinavyonyamaza ndani ya kiganja.

Mwisho mzee alichovya kijiti kwenye rangi nyeupe, akachora mstari mmoja mwembamba kutoka kwenye nati mpaka kwenye uma. "Mistari ikiachana, nati imetembea. Utaiona kabla haijakuangusha. Na baada ya safari ya kwanza, kaza zote tena, maana uchafu na rangi hukaa chini, nafasi inapatikana. Watu wengi hawarudii. Wanaona kazi imekwisha."

Juma la tatu, mchana mmoja, Rosa alikuwa anamenya mihogo karibu nao. Matayo aliinua macho kutoka kwenye pedali na kuutazama mkono wake. Kulikuwa na kovu jeupe, refu, kutoka kwenye fundo la kidole cha shahada mpaka karibu na kifundo cha mkono.

"Hili kovu ulilipata lini?" aliuliza.

Kisu kikasimama.

"Mwaka wa pili wa kazi yako. Spana iliteleza. Ulikuwa umekaa pale pale, na chai."

Matayo aliuchukua mkono ule akauweka gotini kwake, akapitisha kidole gumba juu ya kovu tangu mwanzo hadi mwisho, polepole. Hakusema samahani, neno lilikuwa fupi mno. Rosa alimwachia mkono. Mihogo ilikaa kwenye sinia mpaka ikaanza kubadilika rangi, na Mzee Eliasi, ambaye hakusikia chochote lakini hakuwa kipofu, aligeukia ukutani akajifanya amelala.

Kipupwe kilimsaidia mzee. Kikohozi kikapungua, akaanza kutembea mpaka mlangoni, na binti yake mdogo, Bernadina, akaja kutoka Hale kukaa naye. Mwezi wa nane Rosa alifungasha nguo zake. Hakusema kwamba amesamehe, wala Matayo hakuuliza. Lakini Jumanne ya kwanza ya kurudi kazini, alipokuwa anafunga mfuko wa barua, Rosa alitoka amejifunga kitenge kichwani.

"Nataka kuiona hiyo barabara," alisema. "Miaka sita naitengenezea baiskeli, sijawahi kuiona."

Walikwenda pamoja, Rosa juu ya kerieri, mfuko wa barua mapajani mwake. Sindeni walipumzika, wakaigeuza baiskeli kando ya njia, wakapitisha spana tena kwenye nati zote, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Mbili zilikubali robo. Nyingine zilikataa. Walipopanda tena, Matayo alihisi barabara inamwita kama zamani, mtetemeko ukipanda miguuni, milima ikigeuka buluu. Akaenda nayo kidogo. Aliona mto, aliona samaki. Nyuma yake Rosa aliuliza kama ule ni mbuyu au ni mtu amesimama, naye akamjibu bila kuchelewa kwamba ni mbuyu, na pembeni yake kuna mtu.

Kesho yake, kwenye korongo la njia ya Kang'ata, walishuka. Naisimoi aliwaona kwa mbali, akaja kuwapokea.

"Takwenya," Rosa alimsalimu kwa Kimasai, kama Matayo alivyomfundisha njiani.

"Iko," aliitikia mzee. Akamtazama Rosa kuanzia juu hadi chini, akamgeukia Matayo. "Leo umo ndani."

"Nimo, yeyo."

Walikunywa maziwa. Rosa aliuliza juu ya ngozi, inalowekwa muda gani, ya mnyama wa umri gani, na wanawake wale wawili wakaongea mpaka Matayo akasimama kuangalia jua. Ilibidi waende. Lakini Naisimoi naye alisimama, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye baiskeli, akakishika kiti.

"Nimekiona kitu hiki kikipita miaka yote," alisema. "Nataka kujua ukiwa juu yake unaona nini hata uache kuitikia watu."

Rosa alicheka kwa sauti, cheko ambalo Matayo hakuwa amelisikia tangu kabla ya mvua. Akaishikilia baiskeli imara, Naisimoi akapanda kerieri kwa upande, akakusanya shuka lake, akamshika Matayo kiunoni kwa mikono mikavu. Wakaondoka. Pale ng'ambo ya korongo mbuga ilikuwa tambarare, na njia ya ng'ombe ilikuwa laini, haina matuta hata moja. Baiskeli ilikwenda kimya, bila manyanga wala ngoma, hewa ya joto ikiwapisha kama maji. Naisimoi hakusema neno kwa muda mrefu. Matayo alidhani ameogopa.

"Yeyo, nigeuze?"

"Tumefika wapi?" aliuliza mzee, sauti ikitoka mbali, kama ya mtu aliyelala.

"Bado tuko kwako. Nyumba zile pale."

"Basi endelea," alisema Naisimoi. "Nitakuambia tukifika."